Gari la Mjomba na Koti la Mvua

Katika ukoo wetu mzima, kuanzia babu aliyezikwa na miwani yake hadi kichanga ambacho hakijajua kukaa, hakuna anayejua kuchagua kitu kama mimi. Nipeleke sokoni nimefumba macho, nitakuletea tikiti lililoiva. Niwekee jozi mbili za viatu, nitakuonyesha ipi itakuacha njiani.

Yashike maneno hayo hapo hapo. Usiyaweke mbali.

Kwa aliyefungia sabuni gazeti la wiki iliyopita bila kunisoma: nilifukuzwa kwenye kibanda cha kutengeneza simu kwa kosa la kumwambia tajiri ukweli mbele ya wateja. Mjomba wangu, fundi rangi wa magari, akaniokota. Miaka miwili nimepiga msasa milango ya watu hadi alama za vidole vyangu zikafutika. Bomba la kupulizia rangi sijaruhusiwa hata kulifuta vumbi. Kisha macho ya Mjomba yakaanza kufifia, na wewe na mimi tulipoachana wiki ile, alikuwa amemaliza kupaka gari lake mwenyewe, rangi ya kijani cha chupa, akiwa ameniambia kwa sauti ndogo, "Hili ndilo la mwisho, Wakili."

Wakili ni mimi. Sijasomea sheria. Ni kwamba sijawahi kushindwa ubishi.

Siku ya kuondoka kwenda kupasuliwa macho, Mjomba alinisimamisha uani mbele ya gari hilo. Pembeni alisimama binti yake mkubwa, anayeshika ofisi ya karakana, aliyekuwa anakwenda naye kumuuguza, na ambaye tangu siku ya kwanza alisema mimi ni mdomo ulioota miguu.

"Njoo uone," Mjomba akasema. Akapapasa mlango wa dereva, chini ya kitasa, akanishikisha kidole. Palikuwa na kinundu kidogo kama punje ya mchele.

"Nini hicho?"

"Mbu. Ameingia kwenye vanishi ya mwisho kabla haijakauka."

"Nimtoe? Namsugua dakika moja tu."

"Mguse uone. Huyo ndiye sahihi yangu. Nikirudi nitamtafuta."

Jicho la kushoto la Mjomba lilikuwa linaona mwanga na giza tu. La kulia ndilo lilikuwa linakwenda kupasuliwa. Alisema siku bandeji itakapotoka, kitu cha kwanza anachotaka kukiona duniani ni kile kijani.

"Ndani ya karakana kuna magari ya wateja," akasema. "Langu litakaa nje, kwenye jua na mvua. Nenda kwa Mama Turubai, achague nguo ya gari. Sikiliza vizuri, Wakili. Livalishe nguo. Usilivalishe koti la mvua."

"Nguo, si koti. Nimeelewa."

"Nikirudi nikalikuta kama nilivyoliacha, bomba ni lako. Mimi nitakaa kwenye kiti nikufundishe kwa mdomo."

"Na akilikuta vingine," binti yake akachomekea, "utavua ovaroli hapa hapa getini, urudi kwenu na kaptula."

"Nitavua kwa sababu nitakuwa nimenunua mpya," nikamjibu.

Mjomba akacheka. Binti hakucheka.

Mama Turubai ana cherehani tatu na kibanda nyuma ya soko la mbao. Hushona maturubai ya malori, mahema ya sherehe, viti vya mabasi. Mikono yake ina nguvu za fundi seremala na ulimi wake ni hivyo hivyo.

"Nataka turubai la gari," nikamwambia.

"Gari linalala wapi?"

"Uani. Juu mbingu, chini kokoto."

"Jirani na mti?"

"Mbali na mti."

"Upepo?"

"Unapita kama kila mtu."

"Rangi ya lini?"

"Mama, unanishonea turubai au unaniandikia pasipoti?"

Akaniangalia, kisha akashusha vitambaa vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa turubai nene la pamba. Akakisukuma kando bila kuniuliza. "Hiki kikinyeshewa kinakunywa maji kama punda, na kukauka ni mpaka kipende. Si chako."

Cha pili kilikuwa cha kijivu, chepesi, kimechoka sura kabla hakijatumika. Cha tatu kilikuwa nailoni ya buluu, nene, inang'aa hata ukitaka unajitazama meno.

Moyo wangu ulikwisha kwenda kwenye buluu. Macho nayo yakaufuata.

"Lete mdomo," Mama Turubai akasema.

"Mama, mimi nina mchumba."

"Huna. Lete mdomo."

Akanibandika kile cha kijivu usoni na kuweka kiganja chake upande wa pili. "Puliza."

Nikapuliza.

"Nimepata pumzi yako. Umekula vitunguu. Haya, puliza na huku." Akanibandika ile buluu. Nilipuliza hadi mashavu yakawa maputo na masikio yakaziba. Kiganja chake kilikaa hewani kikisubiri.

"Sijapata kitu," akasema. "Hili halipumui. Jua likipiga juu, unyevu uliomo chini unageuka jasho, halina pa kutokea. Na kama rangi ni changa, yenyewe bado inatoa mvuke. Utalipika gari la watu."

"Gari lina mapafu?"

"Rangi inayo."

"Mimi sinunui filimbi, Mama. Nanunua kitu cha kuzuia maji. Nipe kikombe cha maji."

Akanipa. Nikamwaga juu ya kile cha kijivu. Matone yakaviringika yakaanguka mezani, kitambaa kikabaki kikavu. Hapo mtu wa kawaida angenyamaza. Mimi nikamwaga tena, nikaweka kidole gumba, nikasugua, nikasugua kama mtu anayewasha moto kwa vijiti, hadi upande wa pili likatokea tone moja dogo la aibu.

"Linavuja," nikasema. "Moja bila."

"Mvua gani hiyo inasugua kwa kidole gumba?"

"Mvua ya kwetu."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakacheka, na mimi nikichekewa na watu wawili huwa sirudi nyuma tena.

"Basi kama ni hili," Mama Turubai akasema, "nikutobolee matundu ya hewa pembeni, hapa na hapa, niyafunike kwa ulimi wa kitambaa mvua isiingie."

"Nanunua paa, unataka kunitobolea paa?"

"Niweke kitambaa cha flana ndani, upepo ukilicheza lisikwaruze."

"Nimetumwa nguo. Blanketi sikutumwa."

"Ulitumwaje hasa? Niambie maneno yake."

Nikamwambia, maana mimi si mwongo. Livalishe nguo, usilivalishe koti la mvua.

Mama Turubai akaigonga ile nailoni kwa ukucha. Ikalia kama bati. "Na hiki ni nini?"

"Koti lina mikono," nikasema. "Wewe unaona mikono hapa?"

Wateja wakapiga makofi. Kesi ikaisha. Mama Turubai akachukua futi yake, akaandika vipimo, hakubishana tena. Ningekuwa na akili ningeuogopa ukimya ule.

"Ulioshe kwanza kabla hujalifunika," akasema akiwa ameinama. "Vumbi likibaki chini ya turubai ni msasa."

"Ndiyo maana nalifunika, nisilioshe."

Kuna jambo moja la Mama Turubai linalojulikana mji mzima. Kila turubai analoshona hulitia neno pindoni, kwa uzi mnene, herufi kubwa kama vidole. La lori la maji ameliandika TARATIBU. La muuza magodoro ameliandika RIZIKI. Watu hulipokea kama dua.

"Lako niandike nini?" akaniuliza.

"Andika linalonifaa."

"Litakufaa," akasema.

Baada ya siku mbili nikalichukua, limekunjwa, limefungwa kwa kamba. Neno sikulisoma. Nani husoma pindo?

Nikalivalisha gari. Kamba nikaipitisha juu ya boneti, nikaifunga chini kwa fundo la kufungia ng'ombe. Lilipendeza. Wapita njia walisimama getini wakauliza gari gani hilo, na mimi nikawaambia ni la ofisi yetu.

Wiki ya kwanza ikanyesha mvua ya kupiga mabati. Nikasimama mlangoni mwa karakana nikitazama maji yakiteleza kwenye ile buluu kama yamefukuzwa. Nikampigia Mjomba hospitalini.

"Umelivalisha?" akauliza.

"Nimelivalisha."

"Linapumua?"

"Kama mtoto mchanga."

"Mbu wangu?"

"Amelala."

Nikasikia anacheka, kisha akamwambia mtu wa kitanda cha jirani, "Huyo ni mpwa wangu. Nimemwachia kila kitu." Bado nalikumbuka hilo. Lakini siku ile lilinivimbisha kichwa tu.

Wiki ya pili jua likarudi kama mdai. Mchana turubai lilikuwa linawaka, huwezi kuligusa. Upepo wa alasiri ukawa unalipandisha na kulishusha, papa, papa, papa, na mimi nikawa nausikiliza nikiwa kwenye msasa, nikidhani ni mziki.

Siku ya kumi na tisa binti wa Mjomba akapiga. "Kesho asubuhi tunarudi. Bandeji itatoka baada ya wiki, lakini ameng'ang'ania kuja karakana kwanza kabla ya nyumbani. Anataka kulishika gari."

"Njooni. Nitakuwa nimewatandikia zulia."

Nikaenda kulifunua, nilipanguse kidogo.

Lile turubai halikutoka. Lilibanduka. Lilitoa sauti ya plasta kwenye kidonda chenye nywele. Hewa ya moto ikanipiga usoni, ina harufu ya nguo mbichi zilizosahaulika ndani ya beseni.

Paa lilikuwa limetoka malengelenge. Madogo, makubwa, mengine yamepasuka, kama uji uliosahauliwa jikoni. Kwenye milango kijani kilikuwa na mabaka meupe ya ukungu. Na pale kamba ilipopita juu ya boneti, upepo na vumbi vilikuwa vimesugua mfereji hadi rangi ya chini ikachungulia.

Nikapapasa chini ya kitasa. Mbu alikuwepo. Peke yake katika gari zima ndiye aliyekuwa mzima.

Najua unachotaka kuniambia. Asiyesikia la mkuu. Kaa nalo. Mimi sikukaa chini kulia siku ile na silii leo. Nilichukua polishi nikasugua, lengelenge moja likawa matatu. Nikaacha. Nikafikiri kama wakili.

Mjomba haoni mpaka bandeji itoke. Wiki moja. Katika wiki moja mtu aliyepiga msasa miaka miwili anaweza kulivua gari lile hadi bati na kulipaka upya. Bomba nitalichukua mwenyewe kabla sijapewa. Nani atajua?

Swali lenyewe lilinijibu. Nitakachomwonyesha hakitakuwa kijani chake. Kitakuwa changu. Jicho lake jipya litafunguka na kuangalia kazi ya mtu ambaye hajawahi kushika bomba, naye atadhani ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake.

Nililisukuma wazo hilo pembeni. Kwanza ipite kesho. Nikalivalisha gari tena turubai lake, nikafunga fundo.

Sasa, mbele ya karakana palikuwa na gari la mwalimu wa jirani. Aina ile ile, umbo lile lile. Mjomba alilipaka mwaka jana, rangi ya damu ya mzee, na wiki ile lilikuwa limeletwa kwa ajili ya bampa. Lilikuwa linang'aa kama limetoka kuoga.

Damu ya mzee na kijani cha chupa ni tofauti kubwa kwa mwenye macho. Kwa kiganja ni kitu kimoja.

Asubuhi teksi ikasimama. Binti akamshusha baba yake, bandeji nyeupe upande wa kulia, miwani myeusi juu yake, fimbo mkononi. Amekonda. Lakini alikuwa ananusa hewa ya tina, ile ya kuzimulia rangi, kama mtu aliyerudi kwao.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, Wakili. Nipe mkono."

Binti akapekua mkoba mara mbili, akaguna. "Nimesahau dawa ya matone duka la dawa. Nakwenda na teksi hii hii. Dakika kumi. Na wewe," akaninyooshea kidole, "usimchoshe kwa maneno."

Dakika kumi. Mungu akitaka kukuponza hukupa nafasi.

"Liko wapi?" Mjomba akauliza.

"Nimekusogezea hapa mbele usitembee sana," nikasema. "Nimeshalivua nguo. Hili hapa."

Nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya paa la gari la mwalimu.

 Kile kiganja kilitembea polepole, kikapanda ukingo, kikashuka kwenye kioo, kikarudi. Watu huona kwa macho dakika moja wakachoka. Yeye aliona kwa mkono kama anayesoma barua. Uso wake ukalegea.

"Kioo," akasema. "Kioo kabisa. Sikujua kama mkono ulikuwa bado unaweza."

"Ulikuwa unaweza, Mjomba."

"Nilidhani nimemalizia vibaya. Hospitali nzima nilikuwa nawaza upande huu wa paa." Akanigusa shavu kwa mkono ule ule. "Ahsante, mwanangu."

Nisikilize. Mtu akikushukuru kwa kitu ambacho hukukifanya, sema mapema. Ukichelewa, kila neno linalofuata ni la uongo, hata salamu.

Mimi nikachelewa.

Mkono wake ukashuka mlangoni. Ukafika chini ya kitasa. Ukapita, ukarudi, ukapita tena.

"Mbu wangu yuko wapi?"

"Mbu?"

"Chini ya kitasa. Hayupo."

"Alikufa, Mjomba."

"Alikufa tangu siku ya kwanza, Wakili. Nauliza yuko wapi."

"Nilipokuwa napangusa, nadhani alibanduka. Niliona hafai, gari zuri namna hii, mdudu."

 Vidole vikaendelea kuzunguka pale pale, pale pale, kama mtu anayetafuta funguo katika mfuko anaoujua. Ningepewa dakika mbili zaidi ningempatia huyo mbu hata jeneza. Ulimi ulikuwa tayari.

Getini mtu akabisha hodi.

"Hodi wenyewe. Nimesikia fundi amerudi, nikasema nipite nimjulie hali."

Mama Turubai. Kanga kiunoni, futi shingoni, jicho zima.

"Karibu, dada," Mjomba akasema bila kuutoa mkono mlangoni.

"Nimekaribia. Pole na safari, pole na hospitali. Unaendeleaje?" Akasogea hatua mbili, akasimama. Akanitazama mimi. Akalitazama gari. "Lakini fundi, mbona unalisalimia gari la mwalimu?"

 

Sikukimbia. Andika hilo. Geti lilikuwa wazi na miguu ilikuwepo.

Mjomba akautoa mkono wake kwenye gari taratibu, akaufuta kwenye shati kana kwamba ulikuwa na matope.

"Wakili. Gari langu liko wapi?"

"Uani, Mjomba. Pale ulipoliacha."

"Nipeleke."

Ni hatua kama ishirini. Nilizitembea zote nikiwa nimenyoosha shingo, maana nikiinama nilijua sitainuka. Mama Turubai akatufuata nyuma. Viatu vyake vilikuwa vinasaga kokoto.

Mkono wa Mjomba ukakutana na nailoni. Ikalia kama bati.

"Nini hiki?"

"Nguo ya gari, Mjomba."

"Nguo haipigi kelele hivi." Akaibonyeza kwa kiganja, akaisikiliza. "Hili ni koti la mvua."

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nilitaka kusema koti lina mikono. Nilikuwa na hoja ile ile ya mikono niliyoshindia kesi sokoni, na sasa hakuna aliyekuwa tayari kupiga makofi.

Mjomba akainama, akafuata turubai kuelekea chini hadi pindoni. Vidole vikapata uzi mnene.

"Dada, na hili umelitia neno?"

"Nimelitia," Mama Turubai akajibu. 

"Linasemaje, Wakili?"

"Sijalisoma, Mjomba."

Huo ndio ulikuwa ukweli wangu wa kwanza siku ile, na haukunisaidia.

Akapiga goti moja kwenye kokoto, mtu aliyepasuliwa jicho juzi, akaanza kulisoma kwa kidole cha shahada, herufi moja moja, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"A. L. I. A."

Nje ya geti teksi ikafunga breki. Mlango ukafunguka. Viatu vya binti yake ninavijua hata nikiwa usingizini.

"M. B. I."

Nikamwangalia Mama Turubai. Alikuwa anatazama juu, anaangalia mawingu, kama mtu aliyekuja kuangalia hali ya hewa tu.

"W. A."

Mjomba akalisema lote mara moja, polepole, kama analionja.

"Aliambiwa."

Kisha akanyoosha mkono, akalipata lile fundo langu la ng'ombe, akanikabidhi ncha ya kamba.

"Lifunue," akasema. "Nataka kumsalimia mbu."